Gamba si Kiumbe: Somo la Nummulites kwa Wanaisimu

Sisi wa kitivo cha lugha tunapenda kuainisha. Tunagawa nomino katika ngeli, lahaja katika makundi, makosa katika aina. Ila ni mara chache tunajiuliza: tunaainisha kwa kutazama nini? Wachunguzi wa viumbe wa baharini walikwisha kukumbana na swali hilo, na jibu lao linatuhusu.

Foraminifera ni viumbe wa seli moja wanaojijengea gamba lenye vyumba. Mwaka 1826 Mfaransa Alcide d'Orbigny aliwapa jina hilo kwa sababu ya vitundu vinavyounganisha chumba na chumba. Kwa kuwa magamba yao yalifanana na ya nautilusi, aliwaweka katika jamaa ya pweza. Kazi yake ilikuwa makini, lakini alihukumu kwa gamba. Mwaka 1835 Félix Dujardin aliwatazama wakiwa hai. Hakuona viungo vya pweza, bali ute unaotoa nyuzi nyembamba. Jamaa ya pweza ikawapoteza.

Tuchukue jenasi moja, Nummulites, iliyopewa jina na Lamarck mwaka 1801 kutokana na neno la Kilatini la sarafu ndogo. Magamba yake, bapa na ya mviringo, yamejaa katika mawe ya piramidi za Giza. Strabo aliandika kwamba watu waliyadhani kuwa dengu za wajenzi zilizogeuka mawe. Ukilikata gamba katikati, utaona vyumba vimepangwa kwa mzunguko. Wataalamu walipata magamba makubwa yenye chumba cha kwanza kidogo mno, na madogo yenye chumba cha kwanza kikubwa, wakayapa majina ya spishi mbili. Baadaye ikajulikana kuwa ni vizazi viwili vya spishi ile ile, kimoja cha kujamiiana na kingine kisicho cha kujamiiana.

Je, hatufanyi vivyo hivyo? Msemaji wa Lubumbashi akisema *katoto* na *tutoto*, tunaandika pembeni kwa wino mwekundu: kosa, sema *kitoto* na *vitoto*. Lakini hapo pana jozi kamili, umoja na wingi, yenye upatanisho wake. Ni ngeli ya 12 na ya 13, zinazojulikana katika lugha nyingi za Kibantu. Tumeliona gamba lisilofanana na la kitabuni, tukaacha kutazama kiumbe.

Wengine watasema kwamba bila Kiswahili sanifu hatuna mtihani wala kamusi. Ni kweli, na sipendekezi tukiache. Lakini kusahihisha ni kazi moja, kueleza ni nyingine. Anayeeleza spishi mpya hutakiwa kutaja kielelezo alichokitazama, na kwa kawaida mahali kilipopatikana, ili mwingine aweze kukirudia na hata kumpinga.

Basi kila tasnifu ya sarufi hapa kwetu ianze hivyo: nani alisema, wapi, akimwambia nani. Hapo ndipo tuzungumzie ngeli. D'Orbigny alipingwa kwa sababu alionyesha wazi alichotazama. Sisi tusipoonyesha, hata makosa yetu hayatasahihishika.