Ndege moja yaweza kuzifaa Migori na Homa Bay

UMBALI kati ya mji wa Migori na ule wa Homa Bay, ukipimwa kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 60 pekee. Ndege ndogo inayokwenda kasi ya kilomita 300 kwa saa ingeumaliza kwa dakika 12. Ukijumlisha kupaa na kutua, ni kama dakika 20. Kwa barabara kupitia Rongo, safari hiyo huchukua zaidi ya saa moja.

Hata hivyo, ni nadra mtu kuhitaji ndege kutoka mji mmoja hadi mwingine. Abiria wa ndege hulazimika kufika mapema, kukaguliwa na mizigo yake kupimwa, kisha kutafuta gari akishatua. Kufikia wakati huo, aliyepanda matatu atakuwa ameshafika.

Safari yenye uzito ni ile ya Nairobi. Migori iko kama kilomita 260 kutoka jiji hilo kwa njia ya angani na Homa Bay kama 275, yaani safari ya takriban saa moja kwa ndege ndogo. Basi linalopitia Narok na Kisii huhitaji saa sita au zaidi. Kwa mgonjwa anayesubiriwa na daktari, tofauti hiyo si jambo dogo.

Ni kinaya basi kwamba kaunti hizi jirani, Migori ikiwa na uwanja wa Lichota na Homa Bay ule wa Kabunde, hutazamana kama wapinzani. Gharama ya mafuta na marubani haipungui viti vikibaki vitupu. Abiria wachache wakigawanywa mara mbili, nauli hupanda, na wengi huamua kwenda Kisumu kwenye ndege kubwa zaidi.

Hapa ndipo zile kilomita 60 zinapopata maana. Ndege ikitoka Nairobi hadi Migori, ipitie Homa Bay kisha irejee Nairobi, itasafiri kama kilomita 600. Safari mbili tofauti za kwenda na kurudi zingefikia karibu kilomita 1,070. Pengo hilo ni mafuta, na mafuta ndiyo nauli.

Bila shaka, mpango huo una gharama yake. Abiria wa Migori anayerudi Nairobi angechelewa kwa zaidi ya nusu saa, na kila kutua kunaongeza ada na uchakavu wa ndege. Lakini heri kuchelewa nusu saa kuliko kukosa ndege kabisa.

Katiba ya 2010 iliweka usafiri wa angani mikononi mwa Serikali ya Kitaifa, hivyo magavana hawawezi kuamua peke yao. Hata hivyo, kaunti zote mbili ni wanachama wa muungano wa kiuchumi wa kaunti 14 za eneo la Ziwa, na zinaweza kuzungumza na mashirika ya ndege kwa sauti moja. Aidha, zina wajibu juu ya barabara za kaunti ambazo wakazi hutumia kufika viwanjani.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kaunti hizi zikiendelea kushindania abiria wale wale, huenda kila moja ikabaki na uwanja mzuri usiotua ndege.