Usivitupe Vidonge vya Damu, Rudi Utuambie



Kila siku ya kliniki ya wajawazito tunauliza: "Mama, vidonge vya damu unameza?" Karibu wote hujibu: "Nameza, nesi." Tukivuta kope la chini la jicho la mmoja wao tunaona weupe, tukipima, wingi wa damu ni gramu 8, wakati mjamzito anatakiwa awe na gramu 11 au zaidi. Tukimwuliza tena kwa upole, mama hukiri kwamba vidonge vimo katika kopo nyumbani. "Vinanichafua moyo," asema, "na choo kimekuwa cheusi kama masizi. Niliogopa mtanigombeza."

Kwa maoni yetu, kosa hili si la mama peke yake. Sisi wauguzi tunayo sehemu yetu. Foleni ikiwa ndefu, tunatia vidonge katika kibahasha, tunasema "kimoja kila siku", basi. Hatumwambii atakutana na nini. Naye akikutana nacho, anadhani amepewa sumu.

Basi tuseme wazi. Vidonge hivi vina madini ya chuma. Vinaweza kuleta kichefuchefu, maumivu ya tumbo, kuharisha au choo kigumu. Choo kuwa cheusi ni jambo la kawaida: ni chuma ambacho mwili haukukitumia, na rangi hiyo huisha ukimaliza vidonge. Lakini choo kikinata kama lami, au ukipata maumivu makali ya tumbo au kizunguzungu, njoo hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa nini basi tusiviache? Huku kwetu, kuanzia Mikindani na Msimbati hadi vijiji vya bonde la Ruvuma, malaria na safura hupunguza damu ya mama, na mtoto tumboni naye anahitaji yake. Mama mwenye damu kidogo akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, maisha yake yamo hatarini, na ndugu wa kumtolea damu pengine wako mbali.

Kama vinakusumbua, meza kidonge usiku baada ya chakula, kisha ulale. Usikimeze kwa chai wala maziwa, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Udongo wanaokula baadhi ya wajawazito nao huzuia. Maji ya ndimu, chungwa au bibo bivu husaidia. Tunasema bibo, si uraka! Kwa choo kigumu, kunywa maji mengi na kula mboga na matunda. Vikizidi kukusumbua, rudi. Shirika la Afya Duniani linashauri miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku kwa mjamzito, kwa hiyo ipo nafasi ya kupunguza kipimo, au kubadili aina ya kidonge.

Jambo moja zaidi: usimgawie mtoto vidonge vyako. Utafiti uliofanyika kisiwani Pemba, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku, mahali penye malaria nyingi, walilazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Mtoto apimwe kwanza. Tena vidonge vingine ni vyekundu na vitamu kama pipi. Mtoto akimeza vingi vinaweza kumwua. Viweke juu, mbali na mikono yake.

Akina baba, mkumbusheni mama kidonge chake cha usiku, na mwulizeni kinamkaaje. Nawe mama, usituambie "nameza" ili kutufurahisha. Tuambie ukweli. Nasi wauguzi, tuache kugombeza, tueleze kabla ya kutoa kibahasha.