Mtoto akiharisha ziwani, usimrudishe Bariadi kwanza

Likizo ya Juni imekaribia, na swali ninaloulizwa na wazazi hapa Bariadi ni lile lile: "Daktari, tuliwaahidi watoto tutawapeleka ziwani. Kwa kipindupindu hiki, twende au tubaki?"

Anayeuliza ana sababu. Mwanzoni mwa mwaka 2024, baada ya mvua kubwa za El Nino, Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoripoti wagonjwa wa kipindupindu, pamoja na Mwanza, Shinyanga na Kagera. Wala si tatizo la Kanda ya Ziwa peke yake. Janga hili la saba la kipindupindu duniani lilianzia Indonesia mwaka 1961, likafika Afrika mwaka 1970, na mpaka leo halijaisha. Mwaka 2020 tulipoweka ndoo za kunawia mikono milangoni kwa hofu ya Uviko-19, ndoo zile zilitukinga na kipindupindu pia. Leo nyingi ni kavu.

Jibu langu ni hili. Kama kijiji au mtaa mnaokwenda una wagonjwa wa kipindupindu sasa hivi, ahirisheni. Ziwa halihami. Kama hakuna, nendeni, watoto wanahitaji kucheza na kuwaona bibi na babu. Lakini nendeni mkiwa mmejiandaa, na mkijua mtafanya nini mambo yakiharibika.

Nasema hivyo kwa sababu ya mtoto mmoja wa miaka mitatu. Familia yake ilikuwa kwa ndugu upande wa Busega, karibu na ziwa. Alfajiri mtoto akaanza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Wazazi walimpenda mtoto wao, wakaamua kumleta kwa daktari wanayemfahamu. Wakasubiri gari, wakasafiri zaidi ya kilomita 70 hadi Bariadi, na njiani hawakumpa chochote wakihofia atatapika. Alipofika macho yalikuwa yamezama, ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi upesi, na mapigo ya mkononi hayakusikika. Alipona, kwa dripu na kwa neema ya Mungu. Nilipowauliza kwa nini hawakwenda zahanati ya jirani, mama alinijibu kwa upole: "Wewe ndiye uliyetuambia, tukipata shida tuje kwako."

Alisema kweli. Nilikuwa nawaambia hivyo wazazi wengi. Leo naifuta kauli hiyo. Kipindupindu kikali kinaweza kumuua mtu ndani ya saa chache kwa kumkausha maji, na mtoto mdogo hukauka upesi kuliko mtu mzima. Daktari bora kwa mtoto anayeharisha ni mhudumu wa afya aliye karibu kuliko wote.

Kwa hiyo, kabla ya kupakia nguo za kuogelea, pakia pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Zinapatikana maduka ya dawa. Changanya pakiti kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, na mkubwa zaidi mpe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Ukikosa pakiti, tumia lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi. Anza kumpa pale pale, kisha ondokeni kwenda kituo cha karibu huku mkiendelea kumnywesha njiani.

Maji ya ziwa yasinywewe, hata yakionekana safi. Chemsha mpaka yatokote, au tumia dawa ya kutibu maji kwa maelekezo ya pakiti. Sato na dagaa waliwe wakiwa wameiva na wa moto. Kachumbari na matunda yaliyokwisha kukatwa barabarani viacheni. Kila anayetoka chooni na kila anayeshika chakula anawe kwa sabuni. Kinyesi cha mtoto kitupwe chooni, si majini.

Mambo mengine mawili hayasubiri janga. Ziwa Victoria lina kichocho, na vimelea vyake hupenya ngozi, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono. Hakuna sehemu ya kina kifupi ninayoweza kukuhakikishia ni salama, hivyo mchanga na mpira ni mchezo bora kuliko kuogelea. Mtoto aliyekwisha kuingia majini mpeleke kituoni akapimwe wiki chache baadaye. Pili, mtoto huzama kimya kimya. Mtu mzima mmoja, asiye na simu mkononi, awe na kazi moja tu ya kuwaangalia.

Kwa viongozi wa mialo na vijiji vyetu nina ombi. Tukiita kipindupindu ugonjwa wa wachafu, watu wataficha wagonjwa, na mgonjwa aliyefichwa huambukiza ukoo mzima. Tusiwaaibishe. Tuchimbe vyoo mialoni, tujaze zile ndoo tena, na tutangaze mapema ugonjwa unapoonekana ili familia zijue pa kwenda na pa kutokwenda. Mwenye mashaka apige namba ya bure ya Wizara ya Afya, 199.

Na wewe mzazi, jioni ya kwanza mkifika, kabla ya kitu kingine, muulize mwenyeji wako: zahanati iko wapi, na usiku tunafikaje?