Mtani Ana Kazi Mbili



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mzee mmoja wa kigango chetu alinishika mkono mlangoni pa ofisi ya parokia akasema: "Karani, wewe ndiwe mwenye kitabu cha zaka. Hebu niambie, vijana hawa wa Simba na Yanga wanatoa shilingi ngapi kanisani, na shilingi ngapi kwa ajili ya mpira?" Mimi nilicheka kidogo, lakini mzee hakucheka. Alikuwa amemwona mjukuu wake akiuza debe la mpunga apate kununua jezi mpya, na mchango wake wa Jumuiya bado hajautoa.

Swali la mzee ni la haki. Kitabu ninacho mimi, na majina yasiyo na alama mbele yake nayajua. Hata hivyo sikumjibu upesi. Katika mambo ya Simba na Yanga nina deni langu mwenyewe, na leo nataka kuliungama mbele yenu kabla sijamjibu mzee.

Mimi ni mtu wa Simba tangu utoto. Jirani yangu, ambaye mashamba yetu yamepakana, ni mtu wa Yanga. Wengi wenu mwakumbuka jinsi Yanga walivyokuwa katika dhiki msimu wa 2018/19. Mwenyekiti wao tajiri alikuwa amejiuzulu mwaka 2017, na fedha za kuiendesha timu zikawa za shida. Ndipo kocha wao, Mwinyi Zahera kutoka Kongo, alipowahimiza wapenzi wa timu wachange wenyewe, kila mtu kwa kadiri ya mfuko wake. Watu wakatuma fedha kwa simu kutoka mijini na vijijini. Mwezi wa Juni 2019 wakafanya na harambee kubwa katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam. Sisi wa Simba tulicheka sana. Timu yetu ilikuwa na tajiri wake, ilikuwa bingwa wa nchi, na mwaka huo huo ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Tukasema wenzetu wanatembeza bakuli.

Jirani yangu alituma shilingi elfu tano. Alikuwa ametoka kuuza mpunga, na bei haikuwa nzuri. Niliposikia, nilitafuta bakuli kuukuu jikoni kwetu, nikatia ndani sarafu ya shilingi hamsini, nikaliweka kizingitini pake alfajiri. Watu waliokwenda kisimani waliliona, nao wakacheka mpaka mchana. Jirani alilichukua bakuli akaliingiza ndani, asiseme neno. Mimi nilijiona mtani hodari.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Wakati wa masika ya mwaka 2022 mke wangu alijifungua, akatokwa na damu nyingi. Barabara ya kwetu kwenda Ifakara mwaijua jinsi inavyokuwa wakati wa masika. Tulifika hospitali usiku, nami nikaambiwa kwamba damu ya akiba ni kidogo. Mgonjwa atapewa, lakini nilete ndugu wa kuchangia ili wagonjwa wengine wasikose. Ndugu zangu wako mbali. Nikapiga simu kwa watu watatu wa tawi letu la Simba. Mmoja alikuwa safarini, wawili simu zao hazikupatikana. Sikumpigia jirani. Kwa nini sikumpigia, nadhani mwaelewa.

Asubuhi, kabla ya saa nne, niliwaona watu sita wakiingia uani pa hospitali, matope yamewafika magotini. Alikuwa jirani yangu na wenzake watano wa tawi la Yanga. Mama mkwe wangu ndiye aliyemwambia habari, naye akazunguka na daftari la tawi usiku ule ule, akiwaamsha watu nyumba kwa nyumba. Katika wale sita, wawili walikataliwa: mmoja kwa kuwa alikuwa ametoka kuugua malaria, wa pili kwa kuwa uzito wake haukutosha. Wanne walitoa damu.

Jirani alipotoka kule ndani, ameshika pamba mkononi, akaniambia: "Mwalimu, ninyi mwajiita Wekundu wa Msimbazi. Leo nyekundu imetoka kwa watu wa kijani na njano." Akacheka. Mimi nikalia.

Mke wangu aliishi, na mtoto wetu yu hai. Tuliporudi nyumbani, mke wa jirani alituletea uji kila asubuhi kwa muda wa juma zima. Siku ya kwanza alipoutua uji mezani nililitambua bakuli. Lilikuwa lile lile.

Basi, wasomaji wapenzi, kutokana na mambo haya nimefikiri sana juu ya neno moja tunalolitumia kila siku. Timu hizi mbili twaziita watani wa jadi, na jina hilo ni zuri kuliko tunavyodhani. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Simba ilianzishwa mwaka 1936, baadaye ikaitwa Sunderland mpaka mwaka 1971 ilipopewa jina la Simba. Watu hawa wametaniana kwa muda wa miaka karibu tisini. Lakini utani haukuanza na mpira. Hapa bondeni kila kabila lina watani wake, na wazee wetu walijua kwamba mtani ana kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kukucheka: atakunyang'anya kofia yako, atakutukana mbele ya watu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Kazi ya pili ni kuja unapofiwa. Mtani hufika msibani, hufanya kazi za mazishi, huwachekesha wafiwa wasizame katika majonzi. Mtani asiyefika msibani si mtani, ni mtukanaji tu.

Mimi mwaka 2019 nilifanya kazi ya kwanza. Jirani yangu alizifanya zote mbili.

Wala si yeye peke yake. Simba wana sikukuu yao, Simba Day, iliyoanza mwaka 2009. Yanga wana Wiki ya Mwananchi, iliyoanza mwaka 2019. Siku za kuelekea sikukuu hizo wapenzi wa timu hutoka na jezi zao, wakaenda kuchangia damu, kuwatazama wagonjwa, na kufanya usafi katika mahospitali. Damu wanayoitoa huenda kwa yeyote aihitajiye. Muuguzi haulizi kama mgonjwa ni wa Msimbazi au wa Jangwani. Vilevile katika matawi mengi mwanachama akifiwa, wenzake hupitisha daftari na kumpelekea rambirambi. Watu hawa hawalipwi kitu. Wachezaji wanaowashangilia hawajui hata majina yao. Timu ikishindwa wanalala na huzuni, na kesho wanaivaa tena jezi. Uaminifu wa namna hiyo si jambo la kudharau. Yanga waliotembeza bakuli mwaka 2019 ndio waliotwaa ubingwa wa nchi mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2021/22 hadi 2024/25. Nasi tuliowacheka tukabaki kuhesabu.

Labda mmoja wenu atasema: Mpira ni mpira, na kapu la maskini ni la Kanisa, mambo haya mawili yanahusianaje? Nitawaambia habari moja ya kweli kutoka mbali. Katika mji wa Glasgow, nchi ya Uskoti, karne ya 19, palikuwa na watu wengi maskini waliohamia kutoka Ayalandi kwa sababu ya njaa. Wengi wao walikuwa Wakatoliki. Miongoni mwao alikuwako Bruda Walfrid, wa shirika la Mabruda Wamarista, mwalimu mkuu wa shule. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Andrew Kerins. Aliwaona watoto wakija shuleni na njaa, na wengine wakiacha shule kwenda kutafuta chakula. Pamoja na wenzake akaanzisha meza ya chakula cha moto kwa watoto maskini. Lakini fedha za kununua chakula hazikutosha.

Bruda Walfrid aliona jinsi watu walivyopenda mpira. Hakuwagombeza. Mwezi wa Novemba 1887, katika ukumbi wa parokia ya Mtakatifu Maria, yeye na wenzake waliunda klabu ya mpira ili mapato yake yasaidie meza zile za chakula. Mwezi wa Mei 1888 klabu ikacheza mechi yake ya kwanza, ikawashinda Rangers mabao 5 kwa 2. Klabu hiyo ndiyo Celtic, inayojulikana leo duniani kote. Mwaka 1897 ikawa kampuni ya biashara, naye Bruda Walfrid alikwisha kuhamishiwa London. Lakini mpaka leo wapenzi wa Celtic huikumbuka meza ile, nao huchangia maskini kwa jina la timu yao. Mwaona, bakuli lilitangulia, mpira ukafuata.

Sitaki mnielewe vibaya. Mpira una maovu yake, nayo twayaona hapa hapa. Kuna baba wa familia anayetumia fedha ya daftari za watoto kwa kubeti, akisema mkeka wa juma hili hautachanika. Kuna ndugu wawili wasiosalimiana tangu mechi ya mwaka jana. Kuna matusi yasiyo utani, yanayotaja mama za watu. Mambo hayo si uaminifu kwa timu, wala hayaisaidii timu hata kidogo. Kijana anayeuza mpunga wa chakula cha nyumbani ili anunue jezi amekosa, na mzee wetu ana haki ya kumwambia hivyo.

Lakini nilimwendea mjukuu wa mzee, nikamkuta akipepeta mpunga. Nikamwuliza kwa upole: "Mwanangu, kwa nini daftari la tawi lina jina lako kila mwezi, na la Jumuiya halina?" Akafikiri kidogo, akasema: "Mwalimu, mwenyekiti wa tawi huja nyumbani. Mama alipolazwa alikuja, akatuletea sukari. Mchango wa Jumuiya naujua kwa tangazo la kanisani tu."

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu mwenye kuandika matangazo hayo ni mimi. Jina lake nililiona bila alama kwa muda wa miezi saba, wala sikwenda hata siku moja kumwuliza hali. Mama yake alipolazwa sikujua. Mwenyekiti wa tawi alijua.

Basi jibu langu kwa mzee ni hili. Vijana wetu si wachoyo. Wanajua kutoa, tena wanajua kutoa bila faida, na kuvumilia mwaka mbaya. Fadhila hiyo wanayo tayari. Sisi yatupasa kuwaendea nyumbani kama tawi linavyowaendea. Viongozi wa Jumuiya, msingoje tangazo. Nendeni mkawatazame wagonjwa wao, nao watalitafuta daftari lenu wenyewe.

Nanyi vijana wa matawi yote mawili, nawaomba neno moja. Mtu mwenye afya, wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito usiopungua kilo 50, aweza kuchangia damu: mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Msingoje usiku wa masika na mama anayetokwa na damu. Kabla ya mechi ijayo ya watani, pangeni siku moja, mwende Ifakara pamoja, wekundu na njano katika gari moja. Njiani taniana mpaka mchoke. Jirani yangu amekubali kuandika majina ya upande wake. Ya upande wetu nitaandika mimi. Na mzee wetu, ambaye hana timu, ameahidi nauli ya mjukuu wake.

Msamaria yule wa Injili naye alikuwa mtu wa upande mwingine, na bado alisimama njiani. Mtani wako akianguka, simama.

Mungu awabariki nyote nyumbani mwenu.

Ni mimi wenu,
Karani wa Mngeta