Printa ya bei poa iliyofunikwa kitambaa

Haya wadau, leo siasa tuziache kidogo zipumue. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Pasaka nilipokwenda kumsalimia dada yangu Tabata, na linahusu pesa zetu sisi wenye mishahara ya kuungaunga. Printa.

Dada ni mwalimu wa shule ya msingi. Jioni anafundisha tuisheni sebuleni kwake, watoto kumi na tano hivi wa darasa la sita na la saba, na kila Jumamosi wanafanya jaribio. Mwaka 2022 nilipopata malipo ya kazi fulani ya pembeni nikaona nimfurahishe, nikamnunulia printa. Nilichagua kama wengi wetu tunavyochagua: niliuliza ipi ya bei ya chini kuliko zote. Shilingi 150,000, inachapa, inaskani, inatoa fotokopi, na rangi juu. Nikajiona mjanja kweli. Jina la kampuni siitaji, maana tabia hii si ya kampuni moja.

Sasa Pasaka naingia sebuleni, naikuta printa juu ya kabati imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kuna maua ya plastiki. Mezani kuna rundo la majaribio ya Jumamosi, yametoka steshenari ya jirani.

"Dada, printa imeharibika?"

Akacheka. "Haijaharibika, mdogo wangu. Ila inakula."

Kumbe wino uliokuja na mashine uliisha ndani ya wiki chache tu (zile katriji za kwenye boksi mara nyingi hazijazwi kama zile za kununua). Katriji mpya nyeusi akaambiwa 48,000. Akanunua, ikaisha. Akanunua nyingine kwa hela ya tuisheni, ikaisha. Ya tatu akaghairi, akatafuta kitambaa. Na muda wote huo hakuniambia neno, asije akaonekana hana shukrani. Mimi ninayewahoji wakubwa kwa nini hiki kimepanda na kile kimepanda, dukani sikuuliza hata swali moja: wino wake ni shilingi ngapi, na unatoa kurasa ngapi?

Hebu tupige hesabu pamoja. Katriji ile ndogo imeandikwa kwamba inatoa kurasa 120 hivi. Gawa 48,000 kwa 120, unapata shilingi 400 kwa ukurasa mmoja. Rimu ya karatasi 500 dada ananunua 12,500, kwa hiyo ongeza 25. Jumla 425. Steshenari ya jirani anatozwa 200 kuprinti ukurasa wa kwanza, na 100 kwa kila fotokopi. Umeona balaa? Hata kama ile printa ningeiokota barabarani, bure kabisa, bado kila jaribio lingemgharimu dada mara nne ya fotokopi. Na hizo kurasa 120 ni za maabara, ambako wino unagusa sehemu ndogo tu ya karatasi, kwa kawaida karibu asilimia 5 kwa kila rangi. Jaribio la sayansi lenye mchoro wa ua na mzizi halijui mambo ya asilimia 5.

Biashara yenyewe haina siri. Mashine inauzwa kwa hasara au karibu na hasara, faida inasubiriwa kwenye wino. Januari 2024 mkuu wa HP wa wakati huo, Enrique Lores, alilisema hili kwenye mahojiano na CNBC bila kuona haya: mteja asiyechapa vya kutosha, au asiyetumia wino wao, kwao ni uwekezaji mbaya. Yaani unatoka dukani na boksi lako unadhani umenunua kitu, kumbe wewe ndiye umenunuliwa.

Utasema, ah, mimi nitaweka wino wa mtaani kwa bomba la sindano. Inawezekana, na mafundi wa Kariakoo wanaifanya kazi hiyo kila siku. Lakini printa nyingi siku hizi zinasoma chipu ya katriji. Septemba 2016 watu wengi duniani waliamka wakakuta printa zao za HP zinakataa katriji za kampuni nyingine zilizokuwa zikifanya kazi jana yake, kwa sababu ya programu iliyokuwa imeshawekwa ndani ya mashine. Makelele yalipozidi, kampuni iliomba radhi kwa namna ilivyowasiliana na wateja wake. Chipu zenyewe hazikuondoka.

Kuna njia nyingine, na ilianzia kwa watu wenye shida kama zetu. Indonesia mafundi walikuwa wakizifungia printa za kawaida chupa za wino pembeni, na mipira myembamba ya kupeleka wino ndani. Epson wakaliona soko linawaponyoka, na Oktoba 2010 wakaanza kuuza hukohuko printa yenye matangi ya kujaza kwa chupa. Baadaye Canon, Brother na HP nao wakafuata. Chupa nyeusi ya Epson namba 103 ina mililita 65 na imeandikwa kurasa 4,500. Dukani nilitajiwa 36,000. Gawa: shilingi 8 kwa ukurasa.

Kutoka 400 mpaka 8! Nilitaka nikimbilie benki hapohapo.

Ila tulia. Mashine yenyewe nilitajiwa 600,000. Dada anahitaji kurasa kama 300 kwa mwezi, na steshenari anaacha 30,000 hivi. Akiwa na printa ya tangi, wino na karatasi ni 33 kwa ukurasa, karibu 10,000 kwa mwezi. Anaokoa 20,000. Itamchukua miezi 30 kurudisha hela ya mashine. Miaka miwili na nusu, mashine isiharibike. Na ndani yake kuna sponji inayomeza wino wa kujisafishia. Ikijaa, printa inagoma mpaka fundi, maana kwenye modeli nyingi za bei ya chini huwezi kuibadilisha mwenyewe. Halafu wino wa maji unakauka kwenye matundu ukifunga shule ukaenda kijijini mwezi mzima. Ukirudi, kuyazibua kunakula wino tena.

Anayechapa picha, kadi za harusi, vipeperushi vya rangi, huyo achukue tangi bila kujiuliza mara mbili. Lakini majaribio ya darasa la saba yanataka rangi ya nini?

Kwa hiyo nikageukia leza nyeusi ya mtumba. Ndiyo, yale masanduku mazito yaliyotoka maofisini ambayo vijana tunayaona ya kizee. Tona ni unga, haikauki hata mashine ikilala miezi sita. HP P1102, kwa mfano, inatumia tona ya 85A inayotajwa kutoa kurasa 1,600. Tona isiyo ya kampuni nilipata bei ya 40,000, yaani 25 kwa ukurasa, na karatasi 25, jumla 50. Kwa kurasa 300 dada anaokoa 15,000 kwa mwezi. Mashine niliipata kwa 210,000, hela inarudi kwa miezi 14. Kabla ya kulipa nilidai ichapwe karatasi ya majaribio mbele yangu, kurasa kumi mfululizo, nikaangalia kama kuna mistari au karatasi zinakwama. Muuzaji alinuna. Anune tu.

Ubaya wake ni umeme. Leza inapasha moto ili unga ushike kwenye karatasi, inaweza kuvuta wati 300 na zaidi ikichapa, wakati printa ya tangi inatumia wati kumi na kitu tu. Ile UPS ndogo ya kompyuta usiithubutu. Umeme ukikatika Ijumaa usiku, dada anasubiri. Nilimweleza hilo mapema safari hii.

Na wewe unayeprinti tiketi ya basi na CV mara mbili kwa mwezi? Usinunue chochote. Weka faili kwenye flashi, nenda steshenari, mpe yule dada wa kaunta riziki yake. Kurasa 20 kwa 200 ni shilingi 4,000, hela ya chipsi.

Leza imeshafika Tabata. Wiki ya kwanza watoto walishangaa karatasi zinatoka za moto. Ile printa yangu ya ujanja bado iko juu ya kabati. Dada anasema ataitumia kuskani barua, lakini maua ya plastiki sijaona yakihamishwa.