Kufunga dansi ya usiku si kulinda watoto

Noeli na Bonane zikikaribia, maneno ni yale yale. Hapa kwetu Nyangezi, na kule Bukavu mjini, wakubwa wanaanza kusema dansi za usiku za vijana zifungwe. Ujumbe unaingia kwenye simu ya redio kwa wingi. Baba mmoja anasema watoto wameharibika. Mama mmoja anasema muziki huu wa mashine hauna hata mwimbaji, basi unamwimbia nani kama si shetani? Mwingine anauliza nani ana moyo wa kucheza wakati nchi iko katika vita. Ninawasoma wote hewani kwa heshima, maana ndiyo kazi. Lakini hapa siko hewani, kwa hiyo niseme wazi ninachofikiri: wanaotaka kufunga wanakosea, na kosa lao litawapata wasichana wetu kwanza.

Tuanze na kinachotokea dansi ikifungwa. Vijana hawarudi nyumbani kusoma Biblia. Wanahamia kwenye nganda ya nyuma ya soko, pahali mwenye nyumba anauza Primus na kasiksi na vile vipombe vikali vya chupa ndogo, na hamwulizi mtu yeyote ana miaka mingapi. Hakuna anayesimama mlangoni. Hakuna anayejua nani ameingia na nani ametoka na nani. Mwenye nganda anahesabu chupa tu. Asubuhi mkisikia binti fulani ameumizwa, mnauliza alikuwa wapi, na hakuna wa kujibu, kwa sababu pahali pale hapakuwa na mwenye usiku. Wenye nganda hawa, tena, hawaandikiwi barua na mtu. Wanalipa kodi zao, na nyingine zisizokuwa na karatasi, na mambo yanaendelea.

Sasa kuna kundi la vijana, wengine wa hapa Nyangezi, wengine wanasoma Bukavu, wanaotaka kufanya usiku wao wenyewe wa muziki wa tekno. Kwa asiyejua: tekno ni muziki wa mashine, ngoma moja inapiga mara 120 mpaka 140 kwa dakika bila kusimama, na dijei anaunganisha wimbo na wimbo mpaka hujui mmoja umeishia wapi. Wana kompyuta moja, mabafle mawili ya kukodi, na jenereta ndogo kwa sababu SNEL tunaijua wote. Hawataki kubandika matangazo mjini. Wanataka watu waitane kwa mdomo, mtu na rafiki anayemjua, watu wasiozidi mia. Hiyo ndiyo inayowatia wakubwa wasiwasi: kwa nini mnajificha? Mimi ninajibu kwamba kutotangaza si kujificha. Harusi ya mtoto wako unaitangaza kwa kipaza sauti barabarani? Unaalika unaowajua, ili mgeni akifanya ujinga, kuwe na mtu wa kumwambia "wewe, nani amekuleta?"

Niliwauliza watafanyaje. Nilitaka kuwanasa, nakubali. Wakanijibu hivi.

Mlangoni watakuwa wawili, kijana na msichana, wasiokunywa usiku ule. Sheria yetu ya 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni yule ambaye hajatimiza miaka 18. Basi asiyefikisha haingii, hata akiwa mdogo wa dijei. Kiingilio ni kwa franka, si kwa dola kama kwenye majumba ya Ibanda. Maji ya kunywa ni bure. Taa mbili za jua zitawekwa zimeshajaa, moja mlangoni na moja njia ya choo, kwa sababu jenereta ikizima ghafla ndipo mikono ya watu wabaya inapoanza kutembea. Kuna dada mmoja atakayevaa kitambaa chekundu mkononi, kazi yake ni moja: msichana akimwambia "yule ananisumbua," yule anatolewa, bila kesi, bila kuuliza ni mtoto wa nani. Mabafle yataelekezwa upande wa mashamba, si upande wa nyumba. Na mtaani kukiwa na kilio, hakuna dansi; siku inasogezwa na pesa zinarudishwa.

Jambo la mwisho ndilo lililonishika. Hakuna anayetoka katikati ya usiku. Mlango unafungwa saa mbili, watu wanakesha mpaka kukuche, na saa kumi na moja wanapewa chai na mandazi kabla ya kwenda. Sisi wote tunajua namna hiyo ya kukaa pamoja. Ndivyo tunavyofanya kwenye kilio: tunalala pale, kwa sababu barabara ya usiku ina watu wake. Na barabara yetu hii, taifa namba 5, inayotoka Bukavu, inapita kwetu na kutelemka Ngomo kuelekea Kamanyola na Uvira, sihitaji kuwaeleza wakaaji wa hapa ikoje baada ya jua kuzama. Anayefunga dansi ya ndani anawapeleka vijana kwenye barabara hiyo, wakitoka nganda moja kwenda nyingine.

Nani kati ya wakubwa amewahi kumwandikia mwenye nganda yeyote masharti kama haya?

Wanaosema huu ni muziki wa Wazungu waulize vizuri. Tekno imezaliwa Detroit, Marekani, katika miaka ya 1980, mikononi mwa vijana weusi: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, waliosoma pamoja huko Belleville. Viwanda vya magari vilikuwa vimepunguza watu, mji umechoka, na wao walikuwa na mashine za ngoma. Jina lenyewe lilienea dunia mwaka 1988 kwa sahani moja ya santuri iliyotolewa Uingereza. Mwaka huo huo vijana wa Detroit walifungua klabu yao, Music Institute. Haikuuza pombe. Walikuwa wanauza juisi. New York pia, Paradise Garage, klabu iliyofanya kazi kutoka 1977 mpaka 1987 na inayotajwa mpaka leo, haikuuza pombe. Ninawaambia hayo wazazi wanaofikiri dansi ya usiku na ulevi ni mapacha. Waliozianzisha wenyewe walijua mtu anaweza kucheza mpaka asubuhi kwa maji na juisi.

Na kwetu Kongo? Mzee Mingiedi wa Konono No 1 pale Kinshasa aliunganisha likembe ya mababu na umeme, vipaza sauti akavitengeneza kwa vipande vya magari mabovu, na sahani yao ya Congotronics ya mwaka 2004 ikawashangaza hao wanaocheza tekno Ulaya. Mashine si ngeni kwetu.

Mfano ulio karibu zaidi ni Uganda, na huo wakubwa wetu wanaujua kwa sababu ya jina. Nyege Nyege. Kwa Kiswahili ni neno ambalo sitalisema hewani. Kwa Kiganda, wenyewe wanaeleza, ni ile hamu ya ghafla ya kucheza inayomshika mtu. Ilianza na dansi ndogo Kampala, karibu mwaka 2013, zilizoitwa Boutiq Electroniq. Wageni wawili waliokuwa wanaishi pale, Arlen Dilsizian na Derek Debru, pamoja na vijana wa mji, katika baa, watu wachache, muziki ambao redio hazikupiga. Mwaka 2015 likawa tamasha Jinja, kando ya Nili. Mwaka 2016 wakaanza kutoa sahani zao wenyewe. Kwa njia hiyo singeli ya mitaa ya Dar es Salaam, yenye mbio kupita 200 kwa dakika, ikatoka mwaka 2017 kwa sahani ya studio ya Sisso na kufika mbali. Na Mkongomani mwenzetu Rey Sapienz, anayefanya kazi Kampala, akatoa mwaka 2021 sahani na kundi linaloitwa Congo Techno Ensemble. Jina la nchi yetu liko pale kwenye tekno, lakini limeandikwa Kampala. Kwa nini si Bukavu? Kwa sababu Kampala kulikuwa na chumba ambamo kijana angeweza kujaribu usiku wa watu hamsini bila kufukuzwa.

Tena hata kule walijaribu kufunga. Septemba 2018, waziri wa maadili Simon Lokodo, aliyewahi kuwa padri, alitangaza tamasha limekatazwa. Baada ya kelele na mazungumzo serikali ikaregeza, tamasha likafanyika. Septemba 2022 Spika wa Bunge Anita Among akasema lisifanyike kwa sababu linaharibu maadili. Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akaliruhusu kwa masharti, mojawapo watoto chini ya miaka 18 wasiingie. Ona tofauti. Spika alitoa katazo, na katazo halina kazi ya kufanya usiku ukiingia. Waziri Mkuu alitoa masharti, na masharti yana mtu wa kuulizwa yasipofuatwa.

Sisemi Nyege Nyege ni mbinguni. Limekuwa kubwa, lina wadhamini wakubwa, na penye watu maelfu wezi wanakuja na wao. Ndiyo maana ninapenda hawa wa kwetu wanaotaka watu mia.

Sasa hoja ya vita. Hii ninaiheshimu, kwa sababu anayeisema mara nyingi amezika mtu. Lakini itazameni vizuri. Tumepita vita tangu 1996. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima, ana watoto wake. Angesubiri amani ndipo acheze, angekuwa bado amekaa. Goma, mji ambao hauhitaji kufundishwa vita na mtu, ulianza kufanya Tamasha la Amani mwaka 2014, na watu wa dini zote na makabila yote walicheza katika uwanja mmoja. Mwaka 2020 wakati wa korona serikali ilifunga baa na majumba ya dansi nchi nzima, na Desemba ya mwaka ule ikaweka amri ya kutotoka usiku kuanzia saa tatu. Tuulizane kwa ukweli: nganda za uani zilifungwa? Nani hakujua mlango wa nyuma?

Kuna jambo moja tusilolitamka tunapozungumza maadili. Mkoa wetu unajulikana duniani kwa sababu ya mateso ya wanawake. Hospitali ya Panzi iko njiani hapa ukienda Bukavu. Daktari Mukwege alipewa Nobel mwaka 2018 kwa kazi ambayo ilipaswa isiwepo. Katika mkoa kama huu, nikisikia vijana wanapanga usiku wao na jambo la kwanza walilopanga ni nani atamsikiliza msichana akisumbuliwa, ninashangaa kwamba wazee wetu wanaona makelele tu. Mashirika yanatumia pesa nyingi kufanya semina hotelini, na tisheti, na bango, juu ya jambo hilo hilo. Hawa wamelifanya kwa kitambaa chekundu. Wala hawakuomba mfadhili. Walichanga kwa likelemba.

Kwa wachungaji na mapadri wetu nina ombi, si ugomvi. Kama mna ukumbi, na kila parokia inao, wapeni mchana wa siku ya Mungu baada ya misa, kutoka saa saba mpaka saa kumi na mbili, kwa wale wadogo wasioruhusiwa usiku. Kaeni nyuma na chupa ya Fanta. Mtasikia ngoma moja ikipiga muda mrefu na mtachoka, mimi pia ninachoka baada ya saa moja, umri umeshaingia. Lakini mtawaona watoto wenu wakicheza, mtajua nani yuko pale na yuko na nani.

Na kwa viongozi wa vijiji: andikeni masharti, yawe makali mnavyotaka. Saa, idadi ya watu, majina ya wenye kuwajibika, simu zao. Tumeni mtu wenu akae mlangoni. Jirani akishindwa kulala, vijana walipe faini. Hayo yote wamesema wanayakubali, na ninayo sauti yao kwenye kinasa.

Wamechagua siku ya posho, tarehe 28 Desemba, katikati ya Noeli na Bonane, wakati mabafle yanakodishwa kwa bei ya chini kidogo kuliko siku zenyewe za sikukuu. Barua yao ina kurasa mbili, majina saba yenye namba za simu, na mchoro wa ukumbi ukionyesha mlango, choo na pahali pa taa. Waliipeleka siku kumi zilizopita. Mpaka ninapoandika haya hawajapewa ndiyo wala hapana; wameambiwa tu warudi Jumatatu, mwenye muhuri amesafiri.