Kisu cha Kujihami: Kipime Kabla ya Kukinunua

Wako watu wengi katika miji yetu ambao hawapati usingizi mpaka wawe na kisu chini ya mto. Mfanyakazi wa zamu ya usiku hukichomeka kiunoni, na mama mwenye genge hukiweka chini ya meza ya nyanya. Wafanyabiashara wameutambua woga huo. Ndiyo sababu visu vyeusi vyenye ncha ndefu na meno mgongoni huuzwa vikiwa ndani ya ala za plastiki, kwa bei ambayo mtu wa kipato kidogo anaweza kuimudu. Kabla hujatoa fedha zako, jiulize mambo mawili: je, kisu hiki ni kizuri? Na je, kitanisaidia?

UBORA WAKE

Anza na msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Kisu kikiwa ndani ya ala, ishike ala kwa mkono mmoja na uupindishe mpini kwa mkono wa pili. Mpini ukicheza au ukilia, kiache. Mara nyingi msuka wa kisu cha namna hiyo ni mfupi nao umeshikwa kwa gundi tu. Siku utakapokata kitu kigumu, utabaki na mpini mkononi.

Pili ni chuma chenyewe. Chuma cha kisu huhitaji kaboni, takriban asilimia 0.6 hadi 1, kisha kichomwe na kupozwa kwa ustadi. Kikiwa laini mno hupinda, na kikiwa kigumu mno huvunjika. Mafundi wetu wanalijua jambo hilo, ndiyo maana hupenda kufua visu na sime kutokana na springi za magari au tupa kuukuu. Usidanganywe na maandishi kwamba chuma hakishiki kutu. Maana yake ni kwamba kimetiwa kromiamu ya kutosha, angalau asilimia 10.5, hayakuambii kama makali yatadumu. Kipimo rahisi ni hiki: kata kamba ya katani mara ishirini, kisha ukate nyanya mbivu. Ikiwa nyanya inapondeka badala ya kukatika, chuma hicho ni duni.

Tatu, yatazame mapambo kwa jicho la mashaka. Meno ya mgongoni hayapasui ubao. Kazi yake kubwa ni kurarua ala na kukuzuia kubonyeza bapa kwa kidole gumba. Rangi nyeusi nayo yaweza kuficha kazi mbaya ya fundi.

Hata hivyo, si kila cha rahisi ni kibovu. Visu vinavyotengenezwa Mora, nchini Uswidi, vina mipini ya kawaida ya mti au plastiki, wala havina pambo lolote. Bei yake ni nafuu, na hata hivyo maseremala na askari wamevitegemea kwa miaka mingi, kwa sababu fedha ya mnunuzi imewekwa katika chuma na si katika sura.

MANUFAA YAKE

Sasa tuje kwenye swali la pili, ambalo ni zito zaidi. Mwaka 1941, kampuni ya Wilkinson Sword ya London ilianza kutengeneza kisu kilichobuniwa na Fairbairn na Sykes, watu wawili waliowahi kuwa polisi katika mji wa Shanghai. Kilikuwa na bapa jembamba lenye makali kuwili, nacho kilikusudiwa makomando waliofunzwa kumvamia adui kwa ghafla. Kwa kazi nyingine hakikufaa sana, kwani ncha yake ilikuwa nyembamba na rahisi kuvunjika. Basi fikiri: kisu mashuhuri kama hicho kilikuwa chombo cha kushambulia, mikononi mwa mtu aliyefunzwa. Wewe unayeamshwa usiku wa manane huna mafunzo hayo, wala si wewe uliyechagua saa ya vita.

Kisu hakizuii rungu wala panga. Ili kikufae ni lazima umkaribie mtu ambaye ungepaswa kumkimbia, naye akikushinda nguvu atakunyang'anya. Mpini usio na kizuizi mbele huteleza ukilowa jasho, na vidole vyako vikaingia kwenye makali. Tena gizani, kivuli kinachopita mlangoni chaweza kuwa mwanao anayekwenda msalani.

Kumbuka pia sheria. Unayo haki ya kujitetea, lakini nguvu unayotumia sharti ilingane na hatari iliyopo. Kumchoma mtu aliyekwisha kugeuka na kukimbia si kujitetea.

USHAURI WETU

Fedha ya kinga itumie kwanza kwa komeo imara, taa ya mlangoni na filimbi ya kuwaita majirani. Fahamiana na balozi wako na watu wa nyumba za jirani, kwa maana mwizi huogopa mtaa ulioamka kuliko mtu mmoja mwenye kisu.

Ukitaka kisu, nunua cha kazi: makali upande mmoja, bapa la sentimita 10 hadi 15, mpini unaojaa mkononi na ala isiyoachia. Kinoe kwa kinoo, kikaushe baada ya kukiosha, na kiwekwe mahali ambapo watoto hawafiki.

Na iwapo mtu amechomwa na kisu kingali mwilini, usikichomoe. Kandamiza nguo safi kuzunguka jeraha na umkimbize hospitali.

Ndugu msomaji, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na hapo jikoni ndipo kisu chako kitakapokulipa fedha yako. Ulinzi wa wanao uukabidhi kwa mlango mzuri na jirani mwema.